Mgogoro wa Ploti ya Enzi za Ukoloni Nairobi: Namna ya Kufuatilia Hati, Muda na Kodi ya Ardhi

Familia nyingi za Nairobi zinazogombania kiwanja kilichotolewa enzi za ukoloni huanzia mahali pasipofaa. Baadhi huenda moja kwa moja kwa wakili zikiwa na nakala ya hati ya mwisho tu. Nyingine hulipa malimbikizo ya kodi kabla ya kujua kama muda wa ukodishaji bado upo, na nyingine husubiri mpaka mtu azungushe mabati kwenye ploti ndipo zianze kupekua masanduku. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: haki katika kiwanja cha aina hii huthibitishwa kwa kufuata karatasi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna malipo, barua wala kesi inayopaswa kuitangulia kazi hiyo. Wakili utamhitaji baadaye, na atakufaa zaidi ukimfikia ukiwa umeshayajibu maswali manne: nani aliitoa ardhi hii, kwa hati ya aina gani, kwa muda gani, na kwa kodi gani.

Anza na mtoaji

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wenye reli walijitengea eneo kubwa kwa ajili ya stesheni, karakana na nyumba za wafanyakazi. Mwaka huohuo John Ainsworth, ofisa wa Uingereza aliyesimamia mkoa, alihamishia Nairobi makao ya utawala wa mkoa kutoka Machakos, na hivyo mji ukawa na wenye amri wawili tangu utotoni mwake, ambao hawakuelewana kila mara kuhusu mipaka ya mamlaka yao. Kanuni za manispaa zilifuata mwaka 1900. Kwa sababu hiyo, ploti mbili zinazotazamana leo ng'ambo ya barabara moja zinaweza kuwa na asili tofauti kabisa: moja ilitolewa na serikali ya himaya, nyingine ilikuwa ndani ya ardhi ya reli, na ya tatu iliyo nyuma yao ikawa imekatwa kutoka shamba la mtu binafsi aliyepewa ekari nyingi kisha akaziuza vipandevipande, kama ilivyotokea katika sehemu za Eastleigh.

Sheria iliyotumika nayo ina uzito. Sheria ya Ardhi za Ufalme ya mwaka 1902 iliruhusu serikali kuuza ardhi au kuikodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ilirefusha ukodishaji wa mashamba hadi miaka 999, lakini viwanja vya mjini vikabaki na kikomo cha miaka 99, na kwa kawaida vilipaswa kutolewa kwa mnada uliotangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya uhuru sheria hiyo iliendelea kutumika kwa jina la Sheria ya Ardhi ya Serikali mpaka ilipofutwa mwaka 2012. Mtu akikwambia kwamba babu yake alipewa kiwanja cha katikati ya mji kwa miaka 999, omba kuiona hati kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Kwa Mwafrika, hata hivyo, swali la mtoaji lina jibu chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika kesi ya Isaka Wainaina dhidi ya Murito, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba haki zote za wenyeji katika ardhi zilikuwa zimeingia mikononi mwa Mfalme wa Uingereza, na kwamba wao walikuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari yake. Uamuzi huo ndio sababu ya familia nyingi za Kiafrika za Nairobi kutokuwa na hati ya kwanza ya kuonyesha, ingawa ziliishi mahali hapo kabla ya wale walioandikiwa hati. Nitarudi kwao chini, kwa sababu njia yao ni nyingine, na si haki kuwaambia kwamba hawana njia.

Tambua ploti kwa nambari yake, wala si kwa mtaa

Hati za zamani hutaja barabara kwa majina ambayo hayapo tena. Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue ya leo, Government Road ni Moi Avenue, Victoria Street ni Tom Mboya Street, Hardinge Street ni Kimathi Street, Stewart Street ni Muindi Mbingu Street, na Bazaar Street ni Biashara Street. Ukitafuta kumbukumbu kwa jina la sasa hutapata kitu, na ukipata kwa jina la zamani bado unaweza kuangukia jengo la jirani. Shika nambari ya L.R. (Land Reference, yaani nambari ya rejeo la ardhi). Viwanja vingi vya katikati ya mji huanza na 209, vya Eastleigh huanza na 36, na nambari inayofuata alama ya mkwaju (/) ndiyo ploti yenyewe. Ploti ikiwa iligawanywa au kuunganishwa na nyingine, nambari hubadilika, na hapo ndipo minyororo mingi hukatika. Kwa hiyo andika kando nambari mama na nambari zote zilizozaliwa nayo, pamoja na tarehe za mabadiliko.

Ugumu mwingine umeongezeka hivi karibuni. Baada ya sheria za ardhi za mwaka 2012 kuunganisha mifumo ya zamani ya usajili, serikali ilianza kubadilisha nambari za L.R. kuwa nambari za vitalu vya Nairobi, na orodha za mabadiliko hayo zikachapishwa katika Gazeti Rasmi. Hati ya zamani haifi kwa sababu ya kubadilishiwa nambari, lakini mwenye hati anapaswa kujitokeza na kuomba mpya, na anayechelewa humwachia tapeli nafasi ya kujitokeza kwa jina lake. Kagua orodha hizo mapema.

Kuna milango mitatu ya kubisha. Wa kwanza ni masijala ya ardhi, ambayo kwa Nairobi hufikiwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa mwezi wa Aprili 2021. Hapo utafanya upekuzi rasmi wa hati na kuomba nakala zilizoidhinishwa za kila waraka uliosajiliwa, tangu ule wa kwanza. Nakala hizo ndizo za maana, kwa kuwa matokeo ya upekuzi huonyesha hali ya leo tu, ilhali wewe unatafuta jinsi hali hiyo ilivyozaliwa. Mlango wa pili ni Idara ya Upimaji huko Ruaraka, kwenye barabara ya Thika, inakohifadhiwa ramani ya kiwanja na vipimo vya bikoni zake, yaani alama za mipaka. Sorveya aliyesajiliwa ataisoma ramani hiyo na kukwambia kama ukuta wa jirani umesimama kwenye ardhi yake au umeingia kwako. Mlango wa tatu, unaosahaulika, ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa kwenye Moi Avenue, ambako majalada ya utawala wa kikoloni, barua za manispaa na matoleo ya zamani ya Gazeti Rasmi husomwa na mtu yeyote anayejiandikisha. Katika Gazeti la zamani utaona matangazo ya minada ya viwanja yakieleza nambari, ukubwa, malipo ya awali, kodi ya mwaka na masharti. Tangazo linalolingana na hati yako ni ushahidi mzito. Ukikuta kwamba tangazo na hati vinapingana, ni afadhali ulijue jambo hilo sasa kuliko kulisikia kutoka kwa wakili wa upande wa pili mbele ya jaji.

Soma hati ya kwanza mstari kwa mstari

Tuseme umeipata. Ukurasa wa mwanzo utakuwa na jina la aliyepewa, nambari ya ploti, ukubwa kwa ekari na desimali zake, na rejeo la ramani iliyoambatishwa nyuma. Kisha unakuja mstari unaoamua mengi kuliko mingine yote: muda na tarehe ya kuanza. Hati inaweza kuwa imetiwa sahihi mwezi wa Novemba 1926 na kusajiliwa mwaka 1927, huku ikisema kwamba muda ni miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1925. Hesabu hufuata tarehe iliyotajwa ndani ya hati, wala si siku ya sahihi au ya usajili, kwa hiyo ukodishaji huo ulikwisha tarehe 31 Desemba 2023. Watu wanaoishi kwa amani wakidhani wana miaka miwili zaidi hujikuta tayari wako nje ya muda.

Baada ya muda kuna kodi, na baada ya kodi kuna masharti. Yasome yote hata kama yamepauka. Kwa kawaida utakuta amri ya kujenga jengo la kudumu katika kipindi fulani, matumizi yanayoruhusiwa, katazo la kugawanya ploti, na katazo la kuihamisha bila idhini. Katika mitaa iliyotengwa kwa Wazungu utakuta pia sharti linalomzuia Mwafrika au Mwasia kuishi hapo isipokuwa kama mtumishi wa nyumbani. Sharti hilo halina nguvu yoyote chini ya Katiba ya leo, na linaudhi kulisoma, lakini usiichane wala usiifiche hati kwa sababu yake. Masharti ya matumizi bado yanauma: aliyegeuza makao kuwa gereji bila kibali cha kubadilisha matumizi amemkabidhi mpinzani wake fimbo.

Geuza ukurasa sasa. Nyuma ya hati, au kwenye kurasa zilizobandikwa, kuna orodha ya maandiko ya usajili: uhamisho, rehani, kufutwa kwa rehani, kurithiwa, zuio. Kila andiko lina nambari, tarehe na sahihi ya msajili. Chukua karatasi uandike nani alimpa nani na lini, bila kuruka hata moja. Dosari utakazokutana nazo mara kwa mara ni mbili. Ya kwanza ni rehani ya miaka ya 1950 ambayo ililipwa lakini haikufutwa, na mkopeshaji amekwisha kumezwa na benki nyingine. Ya pili ni jina la mtu mmoja lililoandikwa kwa tahajia mbili au tatu, hasa majina ya Kihindi, ya Kisomali na ya Kiswahili yaliyoandikwa na makarani waliokuwa wakisikiliza tu. Dosari zote mbili hurekebishika kwa hati ya kiapo na vielelezo ikiwa mashahidi wangali hai, na huwa kitanzi ikiwa wamekwisha kufariki.

Kama ulichonacho si hati bali ni barua ya kugawiwa ploti, tambua kiwango chake. Mahakama ya Juu ilisema waziwazi mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino kuhusu ardhi ya Embakasi, kwamba barua ya namna hiyo peke yake haihamishi umiliki na haiwezi kuuzwa kana kwamba ni hati miliki. Ni toleo lenye masharti, na masharti yake makuu ni kukubali kwa maandishi na kulipa ndani ya muda uliotajwa. Kama ni leseni ya kukaa kwa muda, ambayo maduka na karakana nyingi za mjini zilianza nayo, chini ya sheria ya zamani leseni hiyo ilidumu mwaka mmoja, kisha ikaendelea mpaka notisi ya miezi mitatu itolewe. Miaka 40 ya kulipia leseni haiigeuzi kuwa ukodishaji.

Kodi ya ardhi: unalipa nani na kwa lipi

Mwenye ploti ya kukodishwa Nairobi ana wadai wawili, na kuwachanganya ni chanzo cha hasara kubwa. Kodi ya ardhi huenda kwa serikali ya kitaifa, ambayo ndiyo mkodishaji, na hudaiwa kila tarehe 1 Januari. Reti, yaani tozo ya mji juu ya ploti, hulipwa kwa Kaunti ya Jiji la Nairobi, iliyorithi haki hiyo kutoka halmashauri ya jiji, na mtu huilipa hata kama ardhi yake ni ya umiliki wa moja kwa moja usio na kikomo. Stakabadhi za reti za tangu mwaka 1960 zinathibitisha kwamba familia yako ililibeba jukumu la mwenye ploti. Hazithibitishi kwamba mkodishaji alilipwa. Msajili hataandikisha uhamisho wowote bila vyeti vya kutodaiwa kutoka pande zote mbili.

Upo mdai wa tatu katika sehemu chache za mji: mwenye ukodishaji mkuu aliyekata ploti yake na kuikodisha tena kwa wengine. Hao hulipa kodi ya kiwanja kwake, na ukodishaji wao huwa mfupi kuliko ule mkuu, mara nyingine kwa siku chache tu. Ukodishaji mkuu ukiisha, wa chini yake hauna pa kusimama. Aliyeshika hati ya namna hii anapaswa kuifuatilia hati ya mkodishaji wake kwa bidii ileile anayoifuatilia yake.

Ukiwa na stakabadhi za zamani, zipange kwa miaka uzilinganishe na kodi iliyoandikwa kwenye hati. Za kabla ya mwaka 1920 zitakuwa kwa rupia. Sarafu zilipobadilishwa katika miaka ya 1920 na 1921, rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi 2 za Afrika Mashariki, na mwaka 1966 shilingi hiyo ikapokewa na shilingi ya Kenya kwa thamani ileile. Kwa hiyo hati inayotaja rupia 30 kwa mwaka na stakabadhi ya shilingi 60 ya mwaka 1930 zinaelewana, na asiyejua hesabu hiyo atadhani kodi iliongezwa maradufu bila idhini. Tazama vilevile kama hati ina kifungu cha kupitia upya kodi baada ya miaka fulani. Kikiwapo, serikali ina haki ya kuongeza kwa utaratibu uliotajwa humo, na swali lako linakuwa kama utaratibu huo ulifuatwa.

Ukipokea dai la malimbikizo usilolielewa, usilipe yote kwa hofu na usilipuuze. Andika barua ukiomba mchanganuo wa kila mwaka: kodi ya msingi, faini, na msingi wa kisheria wa kila nyongeza. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Lipa sehemu ambayo huipingi, hifadhi stakabadhi, na useme ndani ya barua kwamba sehemu iliyosalia unaibishia. Mwenye kufanya hivi hujitenga waziwazi na mkwepa kodi. Kutolipa peke yake hakumfanyi mtu mwingine kuwa mwenye ploti, kwani serikali ikitaka kuitwaa kwa sababu ya deni inapaswa kutoa notisi na kumpa mkodi nafasi ya kurekebisha. Wanaokuja mlangoni wakisema kwamba ploti "imerudi serikalini" kwa sababu ya deni la miaka mitano, na kwamba wao wamekwisha kugawiwa, waombwe waionyeshe notisi hiyo.

Muda ukikaribia kwisha au umekwisha

Hati nyingi za mwanzo za Nairobi zimefikia ukingo wa miaka 99, na hapa ndipo naona familia zikipoteza mali kwa kuchelewa tu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinampa mkodi aliyemaliza muda haki ya kutangulizwa, yaani apewe yeye kwanza, ikiwa ni raia wa Kenya na ikiwa ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Kanuni za mwaka 2017 zinaeleza namna ya kuomba: kurefushiwa kabla ya muda kwisha, au kupewa ukodishaji mpya baada ya kwisha. Omba kurefushiwa ungali na miaka mkononi. Katika mchakato huo maofisa wa mipango, upimaji na uthamini watatoa maoni yao, na deni la kodi au la reti litakuzuia njiani. Kodi mpya hukadiriwa kwa thamani ya sasa, kwa hiyo usitarajie shilingi za babu yako. Ukiona makadirio yamepita kiasi, ajiri mthamini aliyesajiliwa na uweke ripoti yake kwenye jalada badala ya kubishana kwa mdomo.

Asiye raia ana hesabu nyingine. Tangu tarehe 27 Agosti 2010, Katiba haimruhusu kushikilia ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na hati yoyote ya miaka 999 au ya umiliki usio na kikomo iliyokuwa mikononi mwa asiye raia siku hiyo iligeuka kuwa ya miaka 99.

Kizuizi kinachochelewesha watu kuliko vyote ni kwamba aliyeandikwa kwenye hati alifariki miaka 30 iliyopita na hakuna aliyefungua mirathi. Marehemu haombi kurefushiwa, na mwanawe hawezi kuomba kwa jina lake mwenyewe kabla mahakama haijamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Fungueni mirathi kwanza, katika Mahakama Kuu au ya hakimu kulingana na thamani, au kwa Kadhi kama nyote ni Waislamu na mmekubali. Watajeni warithi wote, wakiwamo mabinti walioolewa. Kuwaficha dada ni dhuluma, na vilevile ndiyo sababu inayotumiwa mara nyingi kuivunja mirathi iliyokwisha kuthibitishwa.

Wasio na hati ya kwanza: Pumwani, Pangani, Kibra

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makao rasmi ya Waafrika, baada ya vijiji vingine vya Waafrika mjini kuamriwa kuondoka. Manispaa iligawa ploti, wenyewe wakajenga nyumba za udongo na fito kwa fedha zao, na wakawa wanailipa manispaa ada ya ploti. Wengi wao walikuwa wanawake waliojenga kwa jasho lao. Nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa. Pangani ya zamani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Kibra ilikuwa ardhi ya jeshi iliyopewa askari wa Kinubi waliostaafu, bila hati, na kizazi baada ya kizazi kiliambiwa kuwa kinakaa kwa ruhusa tu, mpaka mwaka 2017 jamii hiyo ilipopewa hati ya pamoja ya ekari 288.

Kwa familia hizi ushahidi hutafutwa majumbani kabla ya kutafutwa masijala. Keti na mkubwa wa nyumba, umuulize taratibu: "Nyanya, zile stakabadhi za manispaa ulikuwa ukiziweka wapi?" Unachotafuta ni kibali cha kujenga, kadi ya ploti, stakabadhi za ada, barua ya kuhamishwa au ya kulipwa fidia. Weka pia kwa maandishi masimulizi yake kuhusu majirani, msikiti, kisima na njia, kisha aape mbele ya kamishna wa viapo angali na kumbukumbu. Waraka uliofikisha miaka 20 na ukatoka katika mikono inayostahili kuwa nao, mahakama inaweza kuukubali bila kumtafuta aliyeutia sahihi. Kwa hiyo usiwakabidhi mawakala karatasi za asili, hata kwa siku moja.

Wengine hushauriwa kudai kwamba wameipata ardhi kwa kukaa muda mrefu. Sheria ya Muda wa Kushtaki inatambua miaka 12 ya ukaaji dhidi ya mwenye hati binafsi, lakini haiutambui dhidi ya ardhi ya umma, na dai kama hilo kuhusu ploti ya manispaa litaanguka. Njia iliyo karibu zaidi ni dai la dhuluma za kihistoria mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambalo sheria inalihusisha na matukio ya kuanzia tarehe 15 Juni 1895 hadi tarehe 27 Agosti 2010. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka miaka 5 ya kuwasilisha madai hayo, na Bunge limeendelea kulishughulikia suala la muda, kwa hiyo soma kifungu cha 15 cha sheria ya tume hiyo kama kilivyo siku unayokusudia kuwasilisha.

Zikitokea hati mbili

Hati mbili kwa ploti moja huwatia watu kiwewe, lakini aliyefuata karatasi tangu mwanzo yuko pazuri. Zamani ilitosha karibu kila mara kuipunga hati. Mwaka 2013, katika kesi ya Munyu Maina, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hati inapopingwa mwenye nayo lazima aeleze jinsi alivyoipata, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, ikakataa kulinda hati ambayo mzizi wake ulikuwa ugawaji usio halali. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema hivyohivyo: hati iliyopatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria au bila kufuata utaratibu inaweza kufutwa. Angalia vilevile kama ploti ilitajwa katika ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma.

Siku unapogundua hati ya pili, weka zuio kwenye masijala, ripoti kwa polisi ukidhani kuna kughushi, na usikubali kununua amani kwa fedha taslimu. Kisha wakili afungue kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani, akiomba kwanza amri ya kuzuia ujenzi na uuzaji. Mahakama inaweza kuwaelekeza kwenye upatanisho unaosimamiwa nayo. Ukubali ikiwa mpinzani ni jirani au ndugu na ugomvi ni wa mpaka, wa sehemu au wa kodi. Mtu wa hati ya kughushi hana cha kupatana nawe.

Ukipata hukumu au mkiandikiana mapatano, omba amri yenyewe iliyotiwa muhuri, uiwasilishe kwa msajili pamoja na vyeti vya kutodaiwa kodi na reti, na ufuatilie mpaka andiko lionekane. Baada ya hapo fanya upekuzi upya kwa nambari ya ploti, kwa kuwa hukumu isiyosajiliwa haimzuii mtu mwingine kuuziwa kiwanja kilekile wiki inayofuata.